Kamera Iliyochorwa Kama Ngozi

Kabla sijafika kwenye kamera itabidi nipite kwenye ngozi za ng'ombe, na msomaji asiyependa harufu anivumilie kidogo. Mimi nilikuwa mtu wa ngozi. Nilizaliwa upande wa Didia, Usukumani, nikasoma kwa katekista viangazi viwili, tukiandika kwa vidole kwenye vumbi na kufuta kwa nyayo. Nilipoweza kuandika jina langu na majina ya vitu vya nyumbani baba akasema basi, inatosha, ng'ombe hawaulizi mtu amesoma wapi. Nikachunga, nikaoa, na nikiwa tayari mtu mzima mwenye watoto nikaenda Geita. Wengine walikwenda kwa ajili ya dhahabu. Mimi nilikwenda kuanika ngozi, kwa sababu watu wa mgodini walikula nyama kila siku ya Mungu, na ngozi zilikuwa nyingi, na ubishi juu ya ngozi ulikuwa mwingi kuliko ngozi zenyewe.

Ubishi ulikuwa hivi. Mtu analeta ngozi bandani kwangu, anasema ni nzima. Ikikauka tunaona tundu. Yeye anasema tundu ni la kisu changu, mimi nasema ni la kupe wake. Tunapandishiana sauti mpaka mbwa wanasimama. Nilipochoka nikaanza kuchora. Ukuta wa banda ulikuwa umepakwa chokaa, nami nilikuwa na mkaa. Kila ngozi ilipoingia niliichora palepale mwenyewe akiona: shingo, miguu minne, mkia, na kila kasoro mahali pake. Kutoka kwenye kila kasoro nilivuta mstari mpaka pembeni, na mwisho wa mstari nikaandika neno moja. Kisu. Kupe. Mwiba. Chapa. Mwenyewe akikubali, maneno yamekwisha. Ngozi ikishauzwa napaka chokaa juu yake na kuchora nyingine. Mvua ikinyesha chokaa ililowa, na wale ng'ombe wa zamani wakaanza kujitokeza mmoja juu ya mwingine, weusi kidogo, kama kundi linalorudi kutoka malishoni kwenye ukungu. Nilikuwa nakaa nikiwatazama. Mke wangu alisema nimeanza kuchanganyikiwa.

Tena niseme namna ngozi inavyowekwa, maana huko mbele itahitajika. Ngozi mbichi inatandazwa manyoya chini, nyama juu. Hakuna aliyenifundisha, nilikuta baba anafanya hivyo, naye alikuta kwa baba yake. Serikali ilipokuja kutuambia tuache kuwamba ngozi chini juani, tuziwambe kwenye fremu za miti kivulini ili hewa ipite pande mbili, tulifanya, lakini upande wa nyama ulibaki kututazama sisi. Mtu wa ngozi anamjua ng'ombe kwa ndani.

Geita ya siku zile naikumbuka kama kitu nilichokiota. Vumbi lilikuwa jekundu, likiinuka asubuhi na kubaki hewani mpaka jioni, na jua lilipopita ndani yake watu waliokuwa wakitoka zamu walionekana kama wanaelea, miguu yao huioni. Kinu cha mgodi kilitwanga mawe bila kupumzika. Mgeni alilalamika siku za kwanza, baadaye moyo wake ukajifunza kwenda nacho. Siku kinu kilipoharibika kikanyamaza, watu walitoka nje ya nyumba zao wakatazamana, na kuna mwanamke mja mzito aliyesema mtoto ameacha kucheza tumboni. Kinu kilipoanza tena mtoto akaanza. Mimi sisemi ni kweli, nasema ndivyo alivyosema.

Sasa katikati ya vumbi hilo alikuwapo fundi wa picha. Alikuwa Mzaramo, mtu wa pwani, mrefu, mwenye kanzu ambayo sijui mkewe aliifuaje maana ilibaki nyeupe. Chumba chake kilitazamana na maduka. Wachimbaji walikuja kwake wakiwa wameoga, wamepaka mafuta, wengine wameazima koti, wakapigwa picha za kupeleka kwao: Biharamulo, Songea, Kondoa, na Usukumani kwetu. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao lenye mvukuto wa ngozi mbele, imesimama kwa miguu mitatu, na mbele kabisa kulikuwa na kikombe cha shaba chenye kioo, ambamo ndimo zilikuwamo mashine zake zote ndogondogo. Kikombe hicho ndicho kilichokuwa kinasumbuliwa na vumbi. Kila kiangazi ilibidi kifunguliwe, kila kitu kitolewe, kisafishwe, kirudishwe. Kisiposafishwa kinakwama, na kikikwama hakuna picha, hakuna kanzu nyeupe, hakuna kitu.

Mkewe alikuwa Mzaramo pia. Sasa Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani, tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani na kuzikana njiani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, nawe huruhusiwi kukasirika. Yule mama alikuwa bingwa. Siku ya kwanza nilipopita mbele ya mlango wao aliziba pua kwa ushungi akauliza majirani kama kuna mtu amekufa juzi na hajazikwa. Nikamjibu kwamba amekufa samaki, na mwenye samaki ndiye anayeongea. Mumewe akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo tukawa watu wa nyumba moja. Yule mama alikuwa akiiita kamera mke mwenza. Alisema mwanamke yule wa mbao anafutwa vumbi kila asubuhi kabla yeye hajasalimiwa.

Ndipo macho ya fundi yalipoanza kuondoka. Yaliondoka polepole, kutoka pembeni kuja katikati. Alisema ni kama mtu anayefunga dirisha huku akikusubiri umalize kutazama. Walimpeleka kwa daktari wa misheni, ambaye alimmulika na kumwambia kwa upole kwamba ugonjwa uko nyuma ya jicho, mahali ambapo kisu hakifiki. Utabaki kujua mchana na usiku, alimwambia. Fundi alinisimulia hayo akiwa amekaa juu ya gogo bandani kwangu, mahali ambapo watu wa kanzu hawakai.

Hakuogopa giza, alisema. Alichoogopa ni pwani. Alikuwa na kaka yake mkubwa huko, mtu mwema, mwenye nyumba, na alijua kaka akisikia atakuja kumchukua. Atapewa chumba. Atapewa mkeka mzuri barazani, ataletewa chai, watoto watamshika mkono kwenda msikitini, na watu wakipita watasema masikini. Atafanywa mtoto mpaka afe. Mkewe atakuwa mpishi katika jiko la mwanamke mwingine. Hayo ndiyo yaliyomkosesha usingizi. Lakini kama mkewe angeweza kuifungua kamera na kuifunga mwenyewe, wangebaki hapahapa kwenye chumba chao. Kupiga picha kwenyewe mkewe alikwishajua kwa kutazama miaka yote ile. Kupika dawa za picha, hata kuliko yeye. Kilichobaki ni kile kikombe.

Akageuza uso kwenye ukuta wangu. Bado alikuwa anaona kidogo katikati.

"Hizi ngozi umezichora wewe?"

"Mimi, fundi."

"Na hiyo mistari, ni majina ya majeraha?"

Nikamwambia ndiyo.

"Unaweza kunichorea kamera hivyo hivyo?"

Nikamuuliza kama imekufa. Mimi nilikuwa sijawahi kuchora kitu kizima.

"Haijafa," alisema. "Ichore sasa, ningali naona unachochora."

Basi tukaanza. Tulikaa chumbani kwake baada ya sala ya alasiri, jua likiingia kwa mlango na kulala juu ya meza. Mkewe alitandika kitambaa cheupe, akaniamuru ninawe mikono kwa sabuni, kisha ninawe tena, akasema harufu ya ng'ombe ikiingia kwenye picha watu watapokea huko kwao picha zenye nzi. Fundi alifungua kikombe cha shaba kwa bisibisi ndogo kama sindano. Akatoa kitu kimoja kimoja na kuniwekea mbele yangu. Nilichora kwa kalamu ya risasi kwenye makaratasi ya kufungia sukari, ya bluu, ambayo mwenye duka alitupa. Nilichora kila kitu kikubwa kiasi cha kiganja, hata kile kilichokuwa kidogo kama ukucha wa mtoto, ili mstari na jina vipate nafasi.

Sijui nieleze vipi utamu wa siku zile. Vitu vile vilikuwa vyembamba, vinameta, vimekatwa kwa akili ya mtu ambaye sitamwona kamwe, na kila kimoja kilikuwa na mkunjo wake, sikio lake, kitundu chake. Nilikuwa nakitazama mpaka natoka nje ya chumba bila kutoka. Sauti ya kinu ilikuwa mbali. Fundi alikuwa anaongea taratibu, akieleza kipi kinamsukuma kipi, na mara nyingine alisinzia katikati ya neno, au sote tulisinzia, na tulipoamka jua lilikuwa limehama kutoka mezani hadi ukutani na vitu vya shaba vilikuwa vimezimika. Hakuna aliyeharakisha. Ukituona ungedhani tuna macho ya kutosha kwa miaka yote ijayo.

Shida ilikuwa majina. Fundi alikuwa na majina aliyopewa na Mhindi aliyemfundisha kazi Dar es Salaam, na Mhindi aliyapata kwa Mzungu, na yalikuwa yamechakaa njiani kiasi kwamba hata yeye hakuyaamini. Mkewe akasema hawezi kukariri matapishi. Akatoa majina yake mwenyewe. Vile vipande vyeusi vyembamba vinavyofunguka na kufungana vikawa kope. Springi ndefu ikawa utumbo. Pete inayozunguka ikawa bangili. Kulikuwa na nyingine ndogo, yenye meno, ikawa kibogoyo, kwa sababu jino moja lilikuwa limevunjika.

Kisha fundi akatoa kijikono chembamba, bapa, chenye tundu kila upande na ndoano ubavuni. Akasema hiki ndicho kinachozizuia kope zisifunguke mpaka kibali kitolewe. Kila kitu kiko tayari, kila kitu kinataka kwenda, huyu amesimama mlangoni amekataa.

"Huyo ni wifi," mkewe alisema.

Tulicheka. Fundi akasema dada yake akisikia atakuja kwa miguu kutoka Kisarawe. Nikamchora wifi, nikavuta mstari, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa. Na hapa nieleze nilivyomchora. Kila kitu fundi alichoniwekea nilikigeuza kwanza, uso chini, nikakichora kwa upande wa ndani. Hakuna aliyeniambia nigeuze. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nageuza. Mkono wangu ulikuwa unatandaza ngozi. Fundi aliniona lakini wakati huo alikuwa anauona mkono tu, si kilichomo mkononi, na mkewe alidhani ndivyo kuchora kulivyo.

Makaratasi yakabandikwa ukutani kwa uji wa muhogo, kwa mpangilio, cha kwanza kutoka mpaka cha mwisho. Chumba kikapendeza. Wateja waliuliza kama ni dawa. Fundi akakirudisha kikombe chake kwa mikono yake mwenyewe, mara ya mwisho, akafunga, na kamera ikaendelea kufanya kazi mwaka ule wote wakati madirisha mawili ya macho yake yakimalizika kufungwa.

Kiangazi kilichofuata, vumbi likiwa limechanganya, fundi alikuwa hamwoni tena mkewe. Aliujua mchana tu, kama alivyoambiwa. Na ndipo kaka alipofika, juu ya lori la pamba kutoka Mwanza, na zawadi ya kanzu mpya na halua. Nilijaribu kumchukia nikashindwa. Alinipa mkono bila kusita kwa sababu ya harufu. Alimkalisha mdogo wake, akamshika bega, akaongea naye kwa sauti ya chini kabisa, jinsi unavyoongea na ng'ombe aliyevunjika mguu. Hakuna haraka, alisema. Lori linapakia pamba, likijaa tutakwenda. Kamera itapata mnunuzi Mwanza. Fundi aliitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka. Baadaye alinivuta pembeni, vidole vyake vikiwa baridi, akaniambia mkewe anakifungua kikombe kesho.

Nilikuwapo. Mama yule alifunga ushungi kama anayekwenda kuchinja. Akafungua, akatoa, akasafisha kila kitu kwa kitambaa na pombe kali, akapanga kama makaratasi yalivyopangwa. Kisha akarudisha. Alitazama ukutani, akatazama mkononi, akatazama ukutani. Kope. Utumbo. Bangili. Kibogoyo. Wifi. Kaka alikuwa amekaa kitini akinywa chai bila kutoa sauti, naye alikuwa anamwombea, nina hakika, kwa sababu midomo yake ilikuwa inatembea. Mama akafunga skrubu ya mwisho. Akavuta kamba ya kikombe, ile ya kufungulia kope.

Hakuna kitu. Kope zilibaki zimefunguka kama za maiti. Akafungua tena, akaanza upya, akafunga, akavuta. Vilevile. Fundi akaomba apewe kikombe kikiwa wazi, akaingiza ncha ya kidole, akapapasa. Vidole vyake vilikuwa vimekaushwa na dawa za picha miaka mingi, na vitu vile ni vidogo. Akasema vyote vipo, kila kimoja mahali pake.

"Ndoano ya wifi inatazama wapi?" aliuliza.

"Kushoto," mkewe alisema.

Fundi akapapasa tena.

"Mimi nilidhani ni kulia."

"Karatasi inasema kushoto. Njoo mtani, soma."

Nikasoma. Nilikuwa nimechora kushoto, hakuna ubishi.

Fundi akainamisha kichwa. Aliongea kama anayemwomba mtu radhi. "Basi ni kushoto. Mimi nimeanza kusahau. Karatasi ina macho."

Hilo ndilo lililoniumiza, kuliko macho yake, kuliko lori. Mtu aliyekifungua kikombe kile viangazi vingi kuliko umri wa watoto wangu, ameambiwa na karatasi ya sukari kwamba mikono yake inasema uongo, na amekubali. Kaka aliweka kikombe cha chai chini. Akasema taratibu kwamba lori limebakiza marobota machache. Fundi akasema ndiyo kaka. Na mkewe akaingia chumba cha ndani, tukasikia anakunja nguo.

Mimi nikarudi bandani. Ningefanya nini. Nilikuwa na ngozi mbichi tatu zinasubiri, na ngozi hazingoji mtu amalize huzuni. Asubuhi yake, jua halijapanda vizuri, nikiwa nawamba, nikamwona yule mama anakuja kupitia vumbi, ushungi puani, amenyooka kama anakuja kudai kitu. Mahali hapo alikuwa hajawahi kukanyaga.

"Mwangaluka, mtani," nilimsalimu kwa kwetu.

Alijibu kwamba hakuja kusalimia mizoga. Amekuja kuaga, na kunitukana kwa mara ya mwisho ili nisije nikasema tumeachana vibaya. Kisha akautazama ukuta wangu. Nilikuwa nimechora ngozi ile niliyokuwa naiwamba, yenye mkato mkubwa karibu na mguu wa mbele. Aliusoma mstari: kisu. Akatazama ukuta, akatazama fremu. Mkato uko upande huu ukutani, uko upande huuhuu kwenye fremu. Sawa. Akasogea, pua ameisahau, akaizunguka fremu mpaka nyuma, upande wa manyoya. Nilikuwa naona miguu yake tu chini ya ngozi. Ng'ombe yule alikuwa mweusi mwenye mabaka, wa aina ambayo kwetu tunaipa jina zuri, na jua la asubuhi lilikuwa linapita kwenye ngozi nyembamba ya tumbo ikawa nyekundu kama mkono uliofunika taa. Miguu haikusogea. Nilidhani analia.

"Mtani," sauti yake ilitoka nyuma ya ngozi. "Huku mkato uko upande wa pili."

Nikasema ndiyo, huko ni nje.

"Na wewe unachora upande gani?"

"Wa ndani. Ngozi inachorwa ndani."

"Na wifi?"

Mikono yangu ikajibu yenyewe. Iligeuka hewani, kiganja juu, kama inavyotandaza. Yeye alikuwa amekwisha kutokea upande wangu na aliiona.

"Ulimlaza kifudifudi," alisema. "Mume wangu yuko sawa. Ni kulia."

Hakusubiri. Alikimbia, mwanamke mzito yule, kanga mkononi, na mimi nyuma yake na mafuta ya ng'ombe mpaka kwenye viwiko, na watu wa madukani walitupisha wakidhani nimemwibia. Lori lilikuwa limesimama mbele ya chumba chao, marobota yamefungwa kamba, dereva anapiga gurudumu kwa mguu. Fundi alikuwa mlangoni ndani ya kanzu mpya. Kaka alikuwa ameshika begi lake na mkono wake, vyote pamoja.

Mama alimshika mumewe mkono mwingine. Hakueleza. Alimrudisha ndani, akamkalisha mezani, akafungua kikombe, akamtoa wifi kwa kibano na kumgeuza. Vitu vingine vyote vilikuwa na mabega yao, haviwezi kuingia isipokuwa namna moja, ukigeuza vinakataa. Wifi peke yake ndiye aliyekuwa bapa na kukubali pande zote mbili. Alikuwa ametupa mgongo tu. Akafunga skrubu. Dereva alipiga honi.

Nilitegemea avute kamba mwenyewe. Badala yake alikitoa kikombe kwenye sanduku la kamera, akamwinua mumewe mpaka dirishani, akamwekea kile kikombe mbele ya jicho, kimeelekea kwenye jua, na kamba akamtia vidoleni mwake.

"Vuta wewe."

Akavuta. Ilisikika sauti ndogo, kama mtu anayeachanisha midomo kabla ya kuongea. Akavuta tena. Nilikuwa namtazama usoni, na ule mwanga niliuona kwenye jicho lake, ulipita ukatoka, kidoa, halafu giza.

"Nimeuona," alisema. "Umefunguka na umejifunga."

Kisha akavuta mara nyingi, huku ametulia, na hakuna aliyemzuia, na chumba kile kilikuwa kimya kwa namna ambayo nadhani hata kinu kilisimama, ingawa najua hakikusimama. Mkewe alikuwa amemshika kiuno. Akamwambia, taratibu, "Kulia, mume wangu. Ulisema kulia."

Kaka alikuwa bado amesimama mlangoni na begi. Sijui alifikiri nini, lakini alikuwa mtu mwenye akili. Aliliweka begi chini, ndani ya kizingiti, si nje. Akasema atapanda lori mwenyewe. Mama akasema hapandi mtu kabla hajapigwa picha, akamkalisha kwenye kile kiti cha wateja, dereva naye akaitwa asimame nyuma yake, maana alikuwa amechoka kupiga honi na alitaka kuona. Picha hiyo ilioshwa usiku, ikapelekwa kwa lori lililofuata. Sikupata kuiona.

Niliwaambia nitachora upya, safari hii kwa upande wa nje. Yule mama akakataa. Alisema ameshaizoea kamera kwa ndani, na kwamba mchoro wa pili utamchanganya, na pia mimi ni mtu wa kuchora mizoga, asije akapata mingine. Akabandika tena palepale yale makaratasi ya bluu aliyokuwa ameyabandua kwa safari, akajifunza kuyasoma kwa kugeuza moyoni mwake. Nilimkuta viangazi vilivyofuata akikifungua kikombe huku anaimba, bila kuinua macho ukutani.

Na fundi alipata kazi nyingine katika chumba kilekile, ambayo hakuna aliyempangia. Mkewe alipoingia chini ya kitambaa cheusi, yeye alikuwa anakwenda kwa mteja. Alimpapasa mabega akayasawazisha, akarekebisha kola ya koti la kuazima, akajua kwa kidole kama mtu ana hofu au ana mke nyumbani anayemsubiri. Wachimbaji wakubwa, watu wa kupasua mwamba, walitulia mikononi mwake kama watoto wanaonyolewa. Nilisimama mlangoni siku moja nikamwona anamshika kijana mmoja kidevu na kukiinua kidogo, kuelekea mahali ambapo mwanga ulikuwa unamgusa yeye mwenyewe shavuni.

"Hapo," alisema. "Usipumue."

Nami nikaacha kupumua.